Picha ya sura ya mtoto mjini Goma: mwongozo kamili kuanzia nia hadi karatasi

Kila mwaka, kuanzia wiki ya Noeli hadi Bonane, yaani Mwaka Mpya, wazazi wa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, huwavalisha watoto wao nguo mpya na kuwapeleka kupigwa picha, na mwaka wa shule unapokwisha, siku ya kutangazwa matokeo, hufanya hivyo tena. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na jambo linalonihuzunisha ni kwamba picha nyingi za siku hizo hazimwonyeshi mtoto. Zinaonyesha nguo, maua ya plastiki na uso uliobadilishwa rangi. Kwa upande mwingine, picha za watoto wetu zinazoenea duniani huonyesha vita, njaa na mahema, na humo pia mtoto mwenyewe hayumo, kwa sababu amewekwa pale kuwakilisha msiba. Mwongozo huu unahusu picha ya tatu, ile ambayo mtoto ataishika mkononi atakapokuwa na umri wa miaka thelathini na kusema bila aibu, "Huyu ni mimi." Kila hatua ninayoieleza, tangu kimo cha kamera hadi maandishi ya nyuma ya karatasi, nimeipima kwa kipimo hicho.

Hatua ya kwanza: nia kabla ya kamera

Kabla hujaitoa kamera mfukoni, andika sentensi moja kuhusu mtoto utakayempiga picha. Sifa ya jumla kama "mtoto mzuri" au "mtoto mchangamfu" haitakusaidia, kwa kuwa inawafaa watoto wote. Muulize anayemlea swali hili: mtoto huyu hufanya nini anapodhani kwamba hakuna anayemtazama? Mama mmoja atakuambia kwamba mwanawe huuma ukosi wa shati anapofikiri, na mwingine atakuambia kwamba binti yake huhesabu ngazi kila anapopanda. Jibu la namna hiyo ndilo linalokuonyesha picha iko wapi.

Nilipokwenda mtaa wa Ndosho kumpiga picha msichana wa miaka saba, bibi yake aliniambia kwamba mjukuu wake haachi kamwe kugusa ufunguo wa kofuli ya nyumba, aliouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, kwa sababu yeye ndiye anayetangulia kurudi kutoka shuleni na kuwafungulia wadogo zake. Kwa haraka yangu nilikuwa tayari nimefikiria kumwomba auvue, ili kifua cha gauni kikae safi. Baada ya maneno ya bibi niliuacha, na katika picha iliyochaguliwa msichana ameushika kwa vidole viwili huku akinitazama moja kwa moja, kama mtu mwenye dhamana. Ningalimvua ufunguo ule, ningalipata picha ya gauni.

Atakayeuliza kama picha ya sura inaweza kubeba uzito huo wote, historia ya nchi yetu inamjibu. Mwezi Mei 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha mzee Nsala akiwa ameketi anatazama mkono na mguu wa binti yake wa miaka mitano, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na nyingine za aina hiyo zilionyeshwa katika mikutano ya Uingereza na Marekani, zikachangia shinikizo lililomfanya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aiachie Kongo mwaka 1908. Picha hizo zilikuwa za lazima, nami sina neno baya juu yake. Lakini Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika Goma kwa mamia ya maelfu, watoto wengi walipotezana na wazazi wao, na picha za sura zao zikatumika kuwatafutia ndugu: zilibandikwa mbele ya watu ili mama, shangazi au jirani apite na kusema kwamba anamjua huyu. Hizo za pili ndizo ninazozifikiria kila ninapoinua kamera. Picha ya kutambuliwa haihitaji pambo lolote. Inahitaji macho yaonekane, ngozi iwe na rangi yake, na uso uwe ule ambao mama anaujua. Mtoto atambulikane kwanza, uzuri wa picha ufuate baadaye.

Hatua ya pili: ruhusa mbili

Kwa sheria ya nchi yetu ya kulinda mtoto, Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Kwa hiyo ruhusa ya mzazi au mlezi ni ya lazima, na pasiwe na picha kabla yake. Hata hivyo kuna ruhusa ya pili ambayo wapiga picha wengi huiruka, nayo ni ya mtoto mwenyewe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na sidhani kuna jambo linalomhusu mtu kuliko uso wake.

Mimi huanza na mlezi, kwa maneno ya kawaida: "Jambo mama. Ningependa kumpiga mtoto wako picha ya sura. Nitakuletea nakala ya karatasi, na sitaiweka kwenye simu ya mtu mwingine bila kukuuliza." Halafu nainama, namuuliza mtoto kwa jina lake kama anataka, na nanyamaza kusubiri jibu. Mtoto akisema hapana, au akijificha nyuma ya kitenge cha mama yake na kubaki huko, kamera inarudi mfukoni hata kama mama anasisitiza na kumvuta mkono. Mara nyingi mtoto aliyeheshimiwa siku ya kwanza hukubali siku ya pili.

Tenganisha ruhusa ya kupiga na ruhusa ya kutangaza. Mama anayekubali picha ya kutundika sebuleni hajakubali picha ya Facebook, wala ya tangazo la biashara yako. Pale unaporuhusiwa kutangaza, hakikisha jina la shule halisomeki kwenye shati, jina la avenyu halionekani ukutani, na simu yako imezimwa sehemu ya kuhifadhi mahali ilipopigwa picha. Kwa mtoto aliyetendewa ukatili, au anayetafutwa, au aliyetoka katika makundi yenye silaha, usitangaze uso wala jina, hata ukiombwa na mtu mwenye cheo. Usimlipe mtoto pesa ili akae unavyotaka, maana tangu hapo atakuigizia. Malipo yake ni karatasi utakayomletea. Na usipige picha karibu na askari, mpaka au uwanja wa ndege, kwa kuwa mtoto ndiye atakayeogopeshwa na yatakayofuata.

Hatua ya tatu: vifaa

Hapa sitakaa sana. Simu nzuri ya kawaida inatosha, mradi uifute lenzi yake kwa kitambaa safi kila mara, kwa sababu vumbi la Goma na mafuta ya vidole huleta ukungu ambao watu wengi hudhani ni ubovu wa kamera. Kama simu ina lenzi inayokuza mara mbili (2x), itumie hiyo. Mwenye kamera atafute lenzi ya milimita 50 au 85. Ongeza shuka jeupe au kipande cha turubai jeupe, ile shitingi tunayoijua sote, chenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Kipande hicho kina thamani kubwa kuliko lenzi ya pili, na sababu yake ni jiwe tunalokanyaga.

Hatua ya nne: mwanga juu ya jiwe jeusi

Mafundisho mengi ya picha yanayosomwa mtandaoni yameandikwa na watu wanaosimama juu ya lami ya kijivu, mchanga au theluji. Ardhi ya namna hiyo hurudisha sehemu ya mwanga juu na kuingiza nuru ndani ya macho ya anayepigwa picha. Sisi tunasimama juu ya lava iliyoganda, jiwe lililotoka katika volkeno ya Nyiragongo iliyo karibu na mji. Jiwe letu jeusi humeza mwanga na kurudisha kidogo mno, na kuta zetu nyingi za uzio zimejengwa kwa jiwe hilohilo. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyesimama uani saa sita mchana huwa na paji la uso linalong'aa na matundu mawili meusi mahali pa macho. Goma iko karibu sana na ikweta, chini ya digrii 2 kusini, hivyo mchana jua hukaa juu ya kichwa karibu mwaka mzima, na kivuli cha nyusi huangukia moja kwa moja kwenye jicho.

Dawa ya kwanza ni saa. Jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, bila tofauti kubwa kati ya mwezi na mwezi. Saa moja asubuhi hadi saa mbili na nusu mwanga huja kwa ubavu na ni laini. Jioni, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, unarudi tena. Usichelewe zaidi ya hapo, kwa sababu giza la ikweta huingia haraka, na mtoto aliyepelekwa mbio kwa kuwa jua linazama hukunja uso. Siku ya mawingu katika majira ya mvua ni zawadi ambayo wateja hawaithamini: wengi huomba kuahirisha kwa sababu "hakuna jua", ilhali anga lote limegeuka kuwa taa moja kubwa na laini.

Dawa ya pili ni mlango, na ndiyo ninayoitumia kuliko zote. Nyumba ya mbao yenye mlango mmoja ulio wazi ni studio kamili. Mketishe mtoto ndani, akiangalia nje, kwenye kigoda, kama nusu mita hadi mita moja kutoka kizingiti. Akikaa kizingitini penyewe, mwanga wa anga bado humwangukia kutoka juu. Akirudi ndani kidogo, boriti ya juu ya mlango huukata mwanga huo wa juu, na unaobaki huja kutoka mbele na kuingia machoni. Kabla ya kumwita mtoto, weka ngumi yako mahali uso wake utakapokuwa, uizungushe polepole, utazame kivuli kinavyotembea kwenye vifundo vya vidole. Ukipata mahali ambapo upande mmoja una nuru na mwingine una kivuli chepesi kisicho cheusi kabisa, hapo ndipo pa kigoda. Sasa tandika shuka jeupe chini, nje ya mlango, juu ya lile jiwe jeusi. Mtazame mtoto machoni wakati shuka linatandikwa: utaona nukta ya pili ya mwanga ikiwaka chini ya mboni, na kivuli kilichokuwa chini ya kidevu kikipungua. Mara ya kwanza nilipoliona hilo kwa makini nililikunja na kulitandika shuka mara tatu, ili niwe na hakika kwamba ni lenyewe.

Tahadhari moja inahusu turubai la rangi ya buluu. Ukimpiga picha mtoto chini yake, uso wote huwa buluu, na hakuna programu itakayourudisha vizuri. Ukuta uliopakwa kijani au pinki hufanya vivyo hivyo kwa shavu lililo karibu nao. Msogeze mtoto mbali na rangi hiyo.

Hatua ya tano: ngozi ya mtoto katika kipimo cha kamera

Kamera haijui inachokitazama. Kipimo chake hudhani kwamba kila kitu kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kina wangavu wa kijivu cha katikati, na hurekebisha picha kwa dhana hiyo. Mtoto akisimama mbele ya ukuta wa jiwe la lava, kamera huona weusi mwingi, huongeza mwanga, na uso wake hupauka na shati kuungua. Akisimama mbele ya ziwa lenye kung'aa au ukuta mweupe, kamera hupunguza mwanga, na uso wake huwa doa jeusi lisilo na macho. Watu humlaumu mtoto kwamba ni mweusi mno, au huilaumu simu. Lawama ni ya kipimo kisichosahihishwa.

Kwenye simu, gusa uso wa mtoto kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka kipimo kijifunge, kisha telezesha kidole juu au chini mpaka uone umbo la shavu na paji kwa uwazi. Kwenye kamera, tumia fidia ya mwanga, ambayo hatua yake moja huongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu: mbele ya jiwe jeusi shusha kati ya nusu na hatua moja kamili, na mbele ya anga au ukuta mweupe pandisha hatua moja au zaidi. Sare ya shule, shati jeupe na sketi au suruali ya buluu, ndiyo mtihani mgumu kuliko yote, kwa kuwa shati linataka mwanga kidogo na uso unataka mwanga mwingi. Usiwagombanishe. Mgeuze mtoto ili uso uelekee mwanga na kifua kiende pembeni kidogo. Shati litakuwa na kivuli chake, uso utapata haki yake, na mikunjo ya pasi itaonekana bila kuungua.

Tatizo hili lina umri mrefu kuliko simu zetu. Kwa miongo mingi maabara za kampuni ya filamu ya Kodak zilisawazisha rangi za picha kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi yetu ikaangukia nje ya kipimo hicho. Katika picha ya pamoja, mtu mweusi alibaki meno na weupe wa macho. Leo simu nyingi zinazouzwa hapa huja na urembo wa uso uliokwisha kuwashwa, unaoichubua ngozi, kulainisha mashavu na kukuza macho bila kuuliza. Uzime urembo huo kabla ya kupiga picha ya mtoto, na mwonyeshe mzazi namna ya kuuzima kwenye simu yake pia. Mtoto wa miaka minne anayeonyeshwa kila siku picha yake iliyochubuliwa hujifunza jambo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha.

Hatua ya sita: mandhari ya nyuma

Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga picha nyingi za watu uani, kwa mwanga wa mchana, akitundika nyuma yao kitambaa chenye nakshi, hata shuka la kitandani kwake, na kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila picha kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Kazi hiyo leo imo katika makumbusho makubwa ya dunia, na vifaa vyake karibu vyote vinapatikana katika soko la Virunga hapa Goma. Kitenge cha mama ni mandhari bora kuliko picha ya Paris iliyochapwa kwenye plastiki. Kitundike kikiwa kimenyooshwa, mita moja nyuma ya mtoto ili kivuli chake kisikiangukie. Kama nguo ya mtoto ina maua, chagua kitenge chenye rangi moja au mistari mipana.

Ubao wa nyumba uliochakaa, lango la bati, chukudu cha baba, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, kilichoegeshwa ukutani, vyote vinafaa ikiwa ni vya maisha ya mtoto huyo. Ninachokikataa ni kumpeleka mtoto mwenye kwao penye uhai mbele ya gofu au jalala ili picha "iwe na maana". Nimewahi kuombwa kufanya hivyo na shirika moja lililotaka watoto wasio na viatu, ilhali watoto hao walikuwa wamekuja na viatu vyao vya Jumapili wakivifuta kila hatua. Sikuwavua viatu, na kazi hiyo nikaikosa.

Hatua ya saba: kukaa na mtoto

Kuhusu mtoto mchanga maneno ni machache: apigwe akiwa ameshiba na kulala, karibu na dirisha, mikononi mwa mama au juu ya godoro, shingo ikiwa imeshikiliwa daima, na usijaribu ile mikao ya kichwa kuegemezwa viganjani inayoigwa kutoka mtandaoni.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hakai, kwa hiyo usimkalishe. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, isipungue 1/250 ya sekunde, na akikimbia ifike 1/500 au zaidi. Uache ISO, yaani kipimo cha kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 1600 au 3200, kwa sababu chembechembe kwenye picha husameheka, na uso uliotikisika hausameheki. Uwazi wa lenzi uwe f/4 hivi, ili akisogea kidogo jicho libaki katika fokasi, yaani lionekane bila ukungu. Mama akae nyuma yako, kichwa chake karibu na kichwa chako, amwimbie kwa sauti ya chini.

Umri wa miaka minne hadi saba ndio wenye utajiri mkubwa, na ndio unaoharibiwa zaidi na watu wazima waliosimama pembeni wakipiga kelele, "Cheka! Cheka basi!" Mtoto huyo atanyoosha midomo na kuonyesha meno, na macho yake yatakuuliza amekosea nini. Waombe wakubwa, kwa adabu, waende kunywa chai. Kisha mpe mtoto kamera aishike, aangalie ndani, akupige wewe picha moja. Baada ya hapo muulize jambo analolijua kuliko wewe: jinsi ya kufunga mpira wa majani ya migomba, njia ya mkato ya kwenda shule, jina la mbuzi wa jirani. Usipige wakati anaongea. Piga mara tu anaponyamaza akitafuta neno, kwa sababu katika kimya hicho kifupi uso wake hurudi kuwa wake.

Nawasihi wapiga picha wenzangu wasilazimishe tabasamu. Katika familia zetu mtoto hufundishwa kusimama wima na kutulia mbele ya jambo la heshima, na picha ni jambo la heshima. Uso uliotulia si uso wenye huzuni. Mtoto akicheka mwenyewe, piga. Akikutazama kwa uzito, piga pia, na mara nyingi hiyo ya pili ndiyo bibi ataichagua.

Kundi la watoto wa mtaa litakuja, ni hakika, na litataka kuingia kwenye fremu. Usiwafukuze, kwa kuwa ni majirani wa mtoto wako na sauti zao zitamsumbua zaidi wakiwa wamekasirika. Kama wazazi wao wapo na wameruhusu, wapige kwanza picha moja ya pamoja na uwaonyeshe, kisha uwagawie kazi. Wawili washike shuka jeupe, mmoja alinde mfuko, mwingine azuie kuku. Mvulana niliyempa kazi ya kuelekeza shuka kwenye avenyu moja ya mtaa wa Majengo aligundua mwenyewe, baada ya dakika tano, kwamba akiliinua kidogo nuru huingia chini ya kofia ya rafiki yake, na tangu hapo nilipiga kwa maelekezo yake.

Kijana wa miaka kumi na tatu na kuendelea anastahili jambo lingine, nalo ni kushiriki katika uamuzi. Muulize anataka kuonekana vipi na nani asimwone akipigwa. Mwonyeshe picha kila baada ya chache, na zile anazozikataa zifute mbele yake. Kijana anayeona kwamba neno lake lina nguvu hulegeza mabega.

Hatua ya nane: kimo na umbali

Kamera ikae kwenye kimo cha macho ya mtoto. Piga goti, kaa chini, au lala kifudifudi ikibidi. Picha inayopigwa kutoka juu humfupisha mtoto, humkuzia kichwa na kumfanya aonekane anaomba kitu, na nusu ya picha za watoto wa Kongo zinazozunguka duniani zingebadilika maana kama mpiga picha angekubali kuchafua magoti yake. Simama umbali wa mita moja na nusu hadi mbili. Ukisogea karibu zaidi kwa lenzi pana ya simu, pua hukua na masikio hurudi nyuma, na ni umbali unaofanya hivyo. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Acha nafasi kidogo juu ya kichwa, usikate picha kwenye kifundo cha mkono wala kwenye goti, na mikono ya mtoto ikiwa na la kufanya, kama ule ufunguo, iache ionekane.

Hatua ya tisa: kuchagua na kusahihisha

Pumzika usiku mmoja kabla ya kuchagua. Kati ya picha sitini baki na tano, na kati ya tano mpe mtoto na mlezi wake nafasi ya kuchagua pamoja. Katika kusahihisha, weka sawa rangi ya mwanga, nyoosha fremu, inua kidogo vivuli vya macho. Kamasi, chembe ya uji mdomoni, jani kwenye nywele, unaweza kuondoa. Kovu, alama ya kuzaliwa, pengo la jino, acha, isipokuwa mwenyewe akiomba. Rangi ya ngozi isiguswe.

Unapotuma kwa WhatsApp, tuma kama faili la waraka, kwa sababu ukituma kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza maelezo. Kwa karatasi ya sentimita 10 kwa 15 unahitaji pikseli zisizopungua 1200 kwa 1800, na karibu kila simu ya leo inazidi hapo, mradi hujaikata picha sana.

Hatua ya kumi: karatasi, jina na nakala

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipoingia mjini, familia yangu ilitoka na godoro, sufuria na redio. Albamu ilibaki kabatini. Sina picha yangu hata moja ya kabla ya siku hiyo, na ndugu yangu mdogo, aliyefariki kabla ya hapo, hana kabisa. Mama ndiye anayejua alifanana na nani. Watu walipokimbia tena mlipuko wa volkeno hiyo Mei 2021, wengi walikuwa na picha ndani ya simu moja tu, na simu zikapotea njiani. Kwa hiyo tunza kila picha mahali patatu: kwenye simu au kompyuta, kwenye diski au kadi ya kumbukumbu, na mbali na nyumba hiyo, kwa ndugu wa Bukavu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Karatasi iwekwe katika mfuko wa plastiki unaofungika, pamoja na vyeti vya kuzaliwa, ili mkono utakaochukua vyeti uichukue na picha.

Nyuma ya karatasi andika kwa penseli laini, bila kukandamiza: jina kamili la mtoto, tarehe, mtaa, na jina la aliyekuwa naye. Peni ya kawaida huacha mfereji unaoonekana upande wa mbele.

Kisha irudishe picha mwenyewe, na mpe mtoto kwanza, mkononi mwake, kabla ya mtu mzima kuipokea. Yule msichana wa Ndosho nilimpelekea ya sentimita 13 kwa 18. Aliitazama muda mrefu, akalinganisha ufunguo wa kwenye picha na ule wa shingoni, akaigeuza kusoma nyuma. Akaniambia kwamba jina lake lina herufi mbili ambazo sikuziandika. Nilimpa penseli, akaweka karatasi juu ya goti la bibi yake, akasahihisha.